Umeme wa Mwili Watokana na Chumvi

Katika Ziwa Tanganyika yupo samaki mmoja wa jamii ya kambare, mnene, asiye na magamba, ambaye hukaa kwenye mawe karibu na ufuko. Wavuvi wengi wamemjua kwa mkono kabla ya kumjua kwa jina. Ukimshika tu, mkono unaruka wenyewe mpaka begani. Unauambia utulie, hausikii. Wapo wanaosema ni jini wa ziwani. Si jini. Ni umeme, sawa na ule unaowasha taa.

Mzee mmoja mvuvi, katika darasa la kisomo huko Ujiji, alituuliza hivi: "Walimu, majini hakuna waya, hakuna jenereta. Huyu samaki umeme anautoa wapi?" Siku ile hatukuweza kumjibu. Tuliahidi kwenda kusoma kwanza. Tumesoma, na kumbe jibu lake si la samaki peke yake. Linatuhusu sisi sote, hasa siku ambayo kuharisha kumeingia nyumbani.

Tuanze na samaki mwenyewe. Wataalamu walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 2000, wakamwita Malapterurus tanganyikaensis, kwa sababu ni wa ziwa hili. Ndugu zake wanaishi katika mto Naili, mto Kongo na mito mingine ya Afrika. Wamisri wa kale walichora picha ya yule wa Naili katika makaburi yao zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Samaki wakubwa wa jamii hii wamepimwa, wakaonekana kutoa mpaka volti 350 hivi. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Lakini pigo la samaki ni fupi mno, kama kufumba na kufumbua au pungufu yake, kwa hiyo kwa kawaida mtu hushtuka na kuumia, hafi. Hatari kubwa ni kupoteza mshiko na kutumbukia majini usiku.

Ukimchuna samaki huyu, chini ya ngozi utakuta tabaka laini lililomzunguka mwili mzima kama koti. Hilo ndilo jenereta lake, na linatokana na misuli, yaani nyama ile ile ya mwili. Ndani yake mna seli ndogo sana zilizo bapa, nyingi kupita kiasi, zimepangwa moja baada ya nyingine kama sahani kabatini. Seli moja hutoa umeme mdogo tu, karibu sehemu moja ya kumi ya volti. Lakini tazama redio yako. Betri moja ina volti 1.5. Ukipanga betri 4 mfululizo unapata volti 6. Samaki naye anapanga hivyo hivyo, ila yeye hapangi nne, anapanga maelfu.

Sasa tujiulize: hiyo seli moja ndogo inapataje umeme wake? Hapa ndipo tulipostaajabu, maana seli za misuli yetu na za mishipa yetu ya fahamu, yaani neva, zinafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba zetu hazikupangwa mfululizo kama betri za redio, ndiyo maana tunasalimiana kwa mikono bila kurushana.

Umeme wa kwenye waya hutembea ndani ya shaba. Umeme wa mwili hutembea kwa chumvi. Chukua chumvi ya Uvinza, ambayo watu wa mkoa wetu wameichemsha kutoka chemchemi za huko kwa zaidi ya miaka 1000, na ambayo katika karne ya 19 ilikuwa bidhaa kubwa kwenye soko la Ujiji. Ukiitia majini inayeyuka, hata huioni tena. Kumbe imeachana vipande viwili. Kimoja ni chembe za sodiamu, cha pili ni chembe za kloraidi. Kila chembe ya sodiamu ina chaji ya umeme, ya upande wa chanya, kama ile alama ya kujumlisha iliyoandikwa kwenye kichwa cha betri. Damu yetu na majimaji yote yaliyozunguka seli yana chumvi hiyo. Ndiyo maana jasho na machozi huonja chumvi.

Seli imefunikwa na utando mwembamba sana. Nje ya utando sodiamu ni nyingi, ndani ni kidogo. Ndani kuna chembe nyingine nyingi, za potasiamu, ambazo nazo ni chanya. Potasiamu twaipata kwenye ndizi, maharage, viazi na mboga. Potasiamu huvuja kidogo kidogo kwenda nje, na kila inapotoka inaacha ndani pungufu ya chanya. Basi ndani panakuwa hasi na nje panakuwa chanya. Tofauti hiyo, katika seli ya neva iliyotulia, ni karibu volti 0.07. Ni ndogo: seli 20 na ushei zikipangwa mfululizo ndipo zilingane na betri moja ya tochi. Lakini ipo, na imepimwa.

Fikirini mtumbwi unaovuja. Maji ya nje yanasukuma kuingia, na mtu mmoja amekaa na kopo anayatoa usiku kucha. Katika utando wa seli wamo watoa maji wa namna hiyo, vipampu vidogo mno. Kila mzunguko, pampu moja hutupa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza chembe 2 za potasiamu. Mtu aliyeigundua pampu hiyo ni Jens Skou wa Denmaki, mwaka 1957, na aliigundua kwenye neva za miguu ya kaa. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya Nobel. Pampu hizi hazipumziki hata tukilala, na zinakula sana. Ubongo una uzito wa kilo moja na nusu hivi, lakini hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kwenye pampu. (Mwanakisomo aliyekuja darasani na njaa akasinzia tusimwite mvivu.)

Haya, mtumbwi umekaa sawa, maji yako nje. Sasa neva ikiguswa, tuseme umekanyaga kaa la moto, milango midogo kwenye utando hufunguka. Sodiamu iliyokuwa ikisukuma nje huingia kwa kishindo. Mahali pale, ndani palipokuwa hasi panageuka chanya kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mara milango ya sodiamu inajifunga, potasiamu inatoka, na hali inarudi kama kwanza. Lakini mgeuko ule umekwisha kuigusa milango ya jirani, nayo inafunguka, kisha ya jirani yake. Ishara inakimbia kama moto kwenye nyasi kavu, unyasi mmoja unawasha wa pili. Tofauti ni kwamba nyasi zikiungua zimekwisha, lakini neva ikipitiwa iko tayari tena mara moja. Katika neva nene za mwili ishara huweza kwenda mita 100 kwa sekunde moja. Kwa hiyo habari ya kaa la moto inafika ubongoni kabla hujamaliza kusema "aa!"

Mambo haya ya milango yalielezwa na Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, mwaka 1952. Hawakuanza na mtu, walianza na ngisi, yule wa baharini anayeuzwa Feri kule Dar es Salaam. Ngisi ana uzi wa neva wenye unene unaoweza kufika milimita 1, kwa hiyo waliweza kupenyeza waya mwembamba ndani yake na kupima. Nao walipata tuzo ya Nobel, mwaka 1963.

Neva ikifika kwenye msuli haiungani nao moja kwa moja. Panabaki upenyo mdogo. Ncha ya neva humwaga dawa yake, iitwayo asetilkolini, inavuka upenyo na kuwasha umeme wa msuli wenyewe, na msuli unajikaza. Kushika jembe, kupiga kasia, kuvuta pumzi, yote hupita njia hiyo. Katika ziwa letu yupo fira wa majini, nyoka anayekula samaki. Mara chache humwuma mtu, lakini sumu yake huziba upenyo huo huo. Kope huanguka, kisha kifua hushindwa kuvuta hewa, ingawa moyo bado unapiga. Aliyeumwa apelekwe hospitali bila kungoja. Kumchanja hakufungui upenyo ulioziba.

Sasa tumjibu mzee wetu. Samaki anatoa umeme kwenye chumvi iliyomo mwilini mwake. Na mkono wako unaruka kwa sababu umeme wake unafungua milango ya neva zako wewe. Ubongo wako haukutoa amri yoyote. Amri imetoka kwa samaki.

Tulisema jambo hili linahusu kuharisha. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, mpakani, na kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu, na watu takriban 30 walifariki. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, na maji hayo si matupu. Yanatoka na sodiamu na potasiamu. Maji yakipungua damu nayo inapungua, mapigo ya moyo yanakuwa hafifu. Chumvi zikipungua umeme wa seli unavurugika: nyama za miguu na tumbo zinakaza kwa maumivu makali, kisha mwili unalegea, na hata moyo, ambao nao ni msuli, unaweza kupiga ovyo. Wanaosema mgonjwa "ameishiwa nguvu" wanasema kweli zaidi ya wanavyojua.

Ukimpa maji matupu hujarudisha chumvi. Ukimpa chumvi peke yake utumbo haunyonyi vizuri. Lakini ukutani mwa utumbo kuna mlango mmoja unaopitisha sodiamu na sukari kwa pamoja, na maji hufuata nyuma, na mlango huo kipindupindu hakiuharibu. Ndiyo sababu pakiti ya ORS ina sukari na chumvi, na ndani yake mna potasiamu pia. Changanya pakiti na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, usipunguze maji wala kuongeza. Kama pakiti haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Maji haya ya nyumbani hayana potasiamu, kwa hiyo anayeweza kula apewe na ndizi mbivu. Mpe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwendelee polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, mchanganye mengine.