Sola ya Mkopo kwa Bei Isiyobadilika: Pima kwa Magunia Kabla Hujasaini

Najua wengi wenu mmemaliza kupukuchua na wengine mnasubiri bei ipande. Huu ndio msimu ambao mawakala wa sola huzunguka sana huku kwetu Mollo na vijiji vya jirani, kwa sababu wanajua hela ipo mfukoni. Wiki hii nimeulizwa na watu watatu swali lile lile: "Bwana shamba, hii sola ya kulipa kidogo kidogo nisaini au niache?"

Kabla sijajibu, niwaambie kosa langu. Miaka michache nyuma kijana mmoja alikuja kwangu na karatasi za mkataba. Alikuwa na ekari nne, mahindi na maharage, nyumba mpya ya bati na mtoto mdogo. Akaniuliza kama nilivyoulizwa wiki hii. Mimi nikaangalia jambo moja tu: bei haibadiliki kwa miaka mitatu. Nikamwambia, "Saini, hapo huna hasara. Mafuta ya taa yanapanda kila siku, hii imesimama." Akasaini. Mavuno yale bei ya mahindi ikaanguka. Kufika Januari akawa na hela ya kitu kimoja tu, mbolea ya kukuzia au marejesho ya sola. Akachagua mbolea, na alichagua vizuri. Sola ikajifunga. Baadaye kampuni ikaja kuchukua vifaa vyake, kama mkataba ulivyosema. Alikuwa ameshalipa zaidi ya laki nne.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, ulinihesabia bei, hukunihesabia msimu." Tangu siku hiyo mtu akiniletea mkataba naanza na msimu. Makala hii ni hesabu ambayo ningemfanyia siku ile.

Bei isiyobadilika maana yake nini?

Ukinunua mafuta ya taa, betri za tochi au kulipia kuchaji simu dukani, bei inakwenda na soko. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na mwezi mmoja si sawa na mwingine. Mnakumbuka mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita hadi serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mwenye mkataba wa sola kipindi hicho alikuwa analala usingizi, marejesho yake yalikuwa yale yale.

Hiyo ni faida ya kweli, sitaki kuidharau. Tena shilingi 1,000 ya mwaka wa tatu huwa na thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo kadiri vitu vinavyopanda, mkataba wako unazidi kuwa mwepesi. Kama pato lako nalo linapanda.

Hapo kwenye "kama" ndipo penye kazi. Mkataba umefunga upande mmoja tu, ule wa unachotoa. Unachoingiza haujakifunga. Mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi akisaini mkataba huo, pande zote mbili zimetulia. Mkulima akisaini, upande mmoja umefungwa na mwingine unayumba na soko. Waliokuwa wanalima mwaka 2017 wanakumbuka serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi na bei ikaporomoka. Mwaka kama ule, marejesho hayashuki pamoja na mahindi.

Hesabu kwa magunia

Tuchukue mfano. Takwimu ni zangu za kufundishia, wewe weka za mkataba wako. Tuseme kianzio ni shilingi 60,000, halafu unalipa 1,000 kwa siku kwa miaka mitatu.

- Siku 1,095 mara 1,000 = 1,095,000
- Jumlisha kianzio 60,000
- Jumla = 1,155,000

Kwanza, wakala akikwambia "ni buku tu kwa siku", ujue amekuficha hiyo milioni. Iandike kwenye karatasi uione. Halafu nenda mjini Sumbawanga uulize seti inayolingana na hiyo kwa hela taslimu. Ukikuta ni laki sita na nusu, basi laki tano na elfu tano zilizobaki ni gharama ya kukopeshwa, kufungiwa na kuhudumiwa. Huenda inafaa kuilipa, lakini uilipe ukijua.

Pili, igeuze iwe magunia ya kilo 100.

- Gunia likiwa 70,000: sola nzima ni magunia 16 na nusu
- Gunia likiwa 35,000: sola ile ile ni magunia 33

Taa ni zile zile nne, redio ni ile ile. Kwa wewe mkulima, bei imepanda mara mbili na wakala hajabadilisha hata shilingi.

Kwa mwaka mmoja marejesho ni 365,000. Bei ikiwa nzuri ni magunia matano na kitu, na bei ikiwa mbaya ni zaidi ya kumi. Anayepata magunia kumi kwa ekari moja atakuwa amelima ekari nzima ya taa. Sasa jiulize: mwaka mbaya, nina ekari ya kutoa? Kama jibu ni hapana, mkataba huo ni mkubwa kuliko shamba lako. Chukua seti ndogo zaidi, au subiri.

Kalenda ya mkataba na kalenda ya Ufipa

Hapa ndipo nilipomkosea yule kijana. Sisi huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Tunavuna kuanzia Mei na kuendelea. Hela huingia kwa mkupuo ndani ya miezi michache, na mkataba unataka hela siku 365.

Chukua daftari, gawa mwaka. Juni hadi Septemba kuna hela, hakuna anayeshindwa buku. Oktoba unanunua mbegu na mbolea ya kupandia, unalipa vibarua wa kulima. Desemba hadi Februari kuna palizi na mbolea ya kukuzia, watoto wanafungua shule, na ndani chakula kinapungua. Mikataba mingi hufia miezi hiyo. Sola inafungwa wakati mvua inanyesha, na wewe unarudi kununua betri za tochi juu ya deni.

Dawa yake ipo, na ni ya kikulima:

1. Muulize wakala kama unaweza kulipa siku nyingi kwa mkupuo, na kama kuna punguzo ukifanya hivyo. Ukilipa Julai siku zote hadi Machi, Januari haikuhusu.
2. Kama haiwezekani, tenga magunia ya taa. Yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyaguse, na usiyahesabu kwenye mauzo ya Julai. Mara nyingi Januari na Februari mahindi huwa na bei nzuri kuliko wakati wa mavuno, kwa hiyo magunia machache yatabeba siku nyingi zaidi.
3. Kabla ya kusaini, toa kwenye hesabu kile ambacho sola itakuokolea. Kama sasa unatumia 400 kwa siku kwa betri na kuchaji simu, basi mzigo mpya ni 600, si 1,000. Kama ulikuwa unatumia 100 tu, mzigo mpya ni 900. Usikubali kuambiwa "itajilipa yenyewe" bila namba hiyo.

Nguzo zikifika kabla mkataba haujaisha

Hatari nyingine ni umeme wa gridi. Vijijini gharama ya kuunganishiwa njia moja kupitia miradi ya REA imekuwa shilingi 27,000, ukiacha kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi bei yake ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, inafika kama 122 ukijumlisha. Maana yake buku moja ya LUKU inakupa uniti kama nane, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa humo humo. Nyumba ya taa chache, simu na redio inatumia uniti hizo kwa siku kadhaa, nyingine zaidi ya wiki. Kwenye mkataba wetu wa mfano, buku hiyo ni ya siku moja.

Kwa hiyo kama nguzo ziko jirani, kusaini miaka mitatu ya sola ni kujifunga na bei ya juu wakati ya chini iko njiani. Usitegemee maneno ya kijiweni. Muulize mwenyekiti wako, uliza ofisi ya TANESCO Sumbawanga, kitongoji chako kiko kwenye mradi au hakipo.

Lakini pia tuwe wakweli. Mkoa wetu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaovuka kutoka Zambia kwa njia ya Mbala, na jenereta. Mwaka 2024 Zambia ilipata ukame mkali, mabwawa yakapungua, wenzetu wakakaa gizani saa nyingi kwa siku. Anayetegemea umeme wa jirani lazima ajue hilo. Ndiyo maana laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ina maana kubwa kwetu. Sola ndogo iliyokwisha kulipiwa bado ni akiba nzuri umeme ukikatika. Neno muhimu hapo ni "iliyokwisha kulipiwa".

Ahadi ina nguvu kama aliyeahidi

Miaka mitatu ni mirefu kwa kampuni pia. Mobisol ya Ujerumani ilikuwa na wateja wengi wa sola Tanzania, na mwaka 2019 iliingia kwenye ufilisi, ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo. Hapo mnunuzi alipatikana. Siku zote hapatikani.

Wala si huku kwetu tu. Uingereza watu husaini mikataba ya umeme na gesi kwa bei iliyofungwa kwa mwaka au miwili. Kuanzia mwaka 2021 bei ya gesi ilipopaa, kampuni nyingi zilizokuwa zimeahidi bei ya chini zilishindwa kununua kwa bei ya juu, zikafa moja baada ya nyingine. Bulb, iliyokuwa na wateja zaidi ya milioni moja na nusu, ilianguka Novemba 2021. Wateja waliendelea kupata umeme kwa mpango wa serikali, lakini wengi waliohamishiwa kampuni nyingine walipoteza ile bei waliyofunga.

Kwako wewe swali ni hili: kampuni ikiondoka Rukwa, nani atakuja kubadilisha betri? Na sola ikijifunga kwa hitilafu ya mtandao, nani anaifungua? Kampuni yenye fundi anayekaa Sumbawanga ni bora kuliko yenye namba ya simu tu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuweka sahihi

- Jumla yote ni shilingi ngapi hadi mwisho?
- Kuna siku ngapi za ruhusa nisipolipa kabla vifaa havijachukuliwa?
- Vikichukuliwa, nilicholipa kinarudi au kinapotea?
- Betri ina dhamana ya miaka mingapi? Kama mkataba ni miaka mitatu na dhamana ni miwili, mwaka wa tatu unaweza kulipia giza.
- Naweza kumaliza deni mapema, na kwa bei gani?
- Kuna sehemu inayoruhusu bei kupanda, kwa mfano kodi ikibadilika?

Majibu yawe ndani ya mkataba, siyo mdomoni kwa wakala. Kama mkataba ni wa Kiingereza na hukielewi, uje nao ofisini kwangu au kwa mtu unayemwamini. Hakuna mkataba mzuri unaoharibika kwa kulala siku mbili mezani.

Wale watatu wa wiki hii niliwafanyia hesabu hii. Mmoja nguzo ziko mita chache toka kwake, nimemwambia asubiri. Wa pili anachaji simu za watu na ana duka, hela inaingia kila siku, amesaini. Wa tatu shamba lake halibebi ile seti ya televisheni, amechukua ya taa tatu na ametenga magunia manne kwenye mifuko, ameyaandika kwa kalamu nyeusi: TAA.

Na yule kijana wa mwanzo bado analima, safari hii ekari sita. Taa yake ya sasa alinunua taslimu mjini, ndogo tu. Nikipita kwake jioni naiona inawaka, na bado nadhani nina deni kwake.