Dawa ya Huzuni Inapopungukiwa Nguvu

Kuna ugonjwa usio na kidonda wala homa. Mtu hupoteza usingizi, chakula hakimpendezi, kazi humshinda, naye hukaa kimya kama mfiwa. Jamaa husema: ni mvivu, au amerogwa. Sivyo! Ni ugonjwa wa huzuni, na dawa zake zipo. Mwaka 1957 daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, alitangaza kwamba dawa iitwayo imipramini iliwainua wagonjwa wake. Baadaye zilifuata nyingine, kama amitriptilini na fluoksetini.

Tuseme mama mmoja amemeza vidonge miaka miwili, akapata nafuu, akacheka tena na watoto wake. Halafu, polepole, usiku unakuwa mrefu kama zamani. Afanye nini?

Wengi hukosea kwa njia mbili. Huyu huacha dawa ghafula: kizunguzungu humshika, usingizi hupotea, na huzuni yaweza kurudi kwa ukali. Yule hujiongezea vidonge mwenyewe; lakini amitriptilini ikizidi huharibu mapigo ya moyo, hata kuua.

Njia iliyo njema ni kurudi kwa daktari na kumweleza yote pasipo haya. Je, kuna siku ambazo vidonge vilisahauliwa? Je, anakunywa pombe? Pombe huongeza huzuni. Je, ameanza dawa nyingine? Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, yaweza kupunguza amitriptilini mwilini. Labda pia kuna msiba mpya, au ugonjwa wa tezi ya shingo. Sababu ikichunguzwa, daktari ataweza kuongeza kipimo, kubadili dawa kwa utaratibu, au kumpeleka kwa mtu aliyefundishwa kutibu kwa mazungumzo. Dawa mpya huhitaji majuma kadhaa ili ifanye kazi. Basi mgonjwa asikate tamaa siku ya tatu.

Nanyi jamaa, mgonjwa akisema heri afe, msimkemee, wala msimwache peke yake. Ondoeni sumu na dawa zote karibu naye, mkampeleke hospitali siku ileile.

Dawa kupungukiwa nguvu si mwisho wa matibabu. Jembe likiwa butu, mkulima haliachi shamba lake: hulinoa, au hutafuta jingine.