Stara ya Aila na Mlango wa Tiba



Wiki hii tumeazimia kulizungumza jambo ambalo aila nyingi za kisiwa chetu hulijua na hulinyamazia. Ni jambo la pombe ndani ya nyumba ya Kiislamu: kijana anayerudi usiku akipita ukutani, mume anayelala mchana kutwa, na wakati mwingine binti au mama anayekunywa chumbani mwake huku mlango umefungwa. Twanyamaza kwa ajili ya stara. Basi leo twataka tuulize, kwa heshima na kwa upole, stara yenyewe ni ipi.

Mama mmoja mkaazi wa Ganjoni alitujia baada ya sala ya Alasiri, akatutaka tusimtaje jina wala nyumba yake, na akaturidhia tuyaandike yaliyomfika ili yawafae wengine. Mwanawe wa pili ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ulevi wake ulianza na bia za mwisho wa mwezi pamoja na wenzake wa kazini, ukaendelea hadi vichupa vya pombe kali mfukoni, na mshahara ukikatika, mnazi wa mangweni. Kwa miaka minne mama alilipa madeni, akapiga simu kazini kusema kijana ana homa, na jirani akiuliza, akajibu kwamba mwanawe amechoka.

Siku mbili kabla ya Ramadhani iliyopita, yeye na dada ya kijana walikata shauri. Walimfungia chumbani, wakampa maji ya ndimu na uji, wakakusudia aingie mwezi mtukufu akiwa safi. Usiku ule kijana alitetemeka mikono, akatokwa na jasho, akatapika. Siku ya pili alianguka, akakakamaa, povu likamtoka. Wakadhani ni majini. Wakamwita ustadhi wa mtaani, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri ustadhi yule, kwani alipomwangalia tu alisema: “Huyu apelekwe hospitali kwanza. Kisomo tutamsomea akiwa huko.”

Hospitalini ndipo mama alipoambiwa kwamba kile kifafa kilitokana na kukatiwa pombe kwa ghafula, na kwamba laiti wangelichelewa, huenda wangelimzika.

Hatari ya kuacha kwa ghafula

Twaomba kila mama alishike neno hili, hata kama hatalikumbuka jingine. Mtu aliyekunywa pombe kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, mwili wake umekwisha kuizoea. Akiikosa ghafula, dalili huanza baina ya saa 6 na saa 24: mikono kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kukosa usingizi. Kifafa huweza kumjia ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne, baadhi yao huchanganyikiwa, wakaona na kusikia visivyokuwepo, na homa ikapanda. Hali hiyo huua. Nasi wa Pwani tukimwona mtu anazungumza na ukuta, fikira yetu ya kwanza huwa ni shetani, tukapoteza saa ambazo daktari angezitumia kumwokoa.

Kwa hivyo, mlevi wa kila siku asifungiwe nyumbani, asifungwe kamba, wala asipewe vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa dukani. Apelekwe kwa daktari ili aachishwe kwa utaratibu. Kisomo na dua havikatazwi, navyo vyaweza kwenda pamoja na tiba.

Tiba ya kwenda na kurudi

Aila nyingi huogopa wakisikia neno tiba, kwa kuwa hudhani ni lazima mtu afungiwe miezi mitatu katika kituo cha mbali, kwa gharama kubwa, na mtaa mzima ujue. Wako wanaohitaji kulazwa. Nao ni aliyewahi kupata kifafa au kuchanganyikiwa alipoacha, mwenye maradhi mengine mazito, mja mzito, mzee aliyedhoofika, na asiyekuwa na mtu wa kumwangalia nyumbani. Wengine wengi huweza kutibiwa wakiwa wagonjwa wa nje, yaani huenda kliniki na kurudi kulala kwao.

Utaratibu wake si wa ajabu. Daktari au muuguzi huanza kwa kuuliza maswali. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 kwa kazi hii, lijulikanalo kwa jina la AUDIT, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 ambamo lilitayarishwa na kujaribiwa. Alama zake za juu kabisa ni 40, na anayepata 8 au zaidi huonekana kwamba unywaji wake umekwisha kuwa wa hatari. Baada ya hapo mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza mwili, ambayo hupunguzwa siku kwa siku kwa muda wa wiki moja hivi, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Siku hizo za mwanzo hutakiwa aonekane kliniki mara kwa mara, na dawa zikae kwa mtu wa nyumbani mwenye amana, si mfukoni mwake.

Hapo mwili umetulia, lakini ugonjwa haujesha. Hufuata vikao na mshauri nasaha, kwa kawaida kila wiki, vya kujifunza ni saa gani hamu humjia, ni marafiki gani humvuta, na ni huzuni gani alikuwa akiizamisha. Zipo pia dawa za kupunguza hamu ya pombe, ambazo daktari huamua kama zamfaa. Kijana wa mama yetu alilazwa siku chache kwa sababu ya kile kifafa. Tiba iliyobaki aliifuata akitokea nyumbani, akaenda kazini asubuhi na kliniki siku aliyopangiwa, na jirani hakuona ila kijana anayetoka na kurudi.

Vikao vya wanaosaidiana

Kliniki hufungwa jioni, na hamu ya pombe aghalabu huja usiku. Ndiyo sababu kikahitajika kitu cha pili, nacho ni wenzake waliopita njia hiyo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, wanaume wawili walioshindwa na pombe, mmoja mfanyabiashara wa hisa na mwengine daktari wa upasuaji, waligundua kwamba kila mmoja huweza kujizuia akizungumza na mwenziwe. Hapo ukazaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, maarufu kwa AA, ambao leo una vikao katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Kikao chenyewe ni watu wachache kwenye viti, kwa muda wa saa moja hivi. Hapana ada, wala majina kamili hayaulizwi. Asiyetaka kusema husikiliza tu. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha pombe. Na linalosemwa pale hubaki pale.

Wasomaji wetu wametuuliza zaidi ya mara moja iwapo Muislamu aweza kuketi katika vikao hivyo, kwani baadhi hufanyika katika kumbi za makanisa. Jawabu ni kwamba AA haimo chini ya dini yoyote, na kukodi ukumbi si kufuata ibada ya mwenye ukumbi. Anayeona uzito, ajue kwamba Waislamu wenzetu wameifanyia kazi njia hii. Mwaka 1989, katika mji wa Baltimore, Marekani, Waislamu waliokuwa waraibu walianzisha Millati Islami, wakazipanga upya zile hatua 12 za AA juu ya misingi ya Uislamu. Karibu nasi zaidi, huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2009 nyumba za vijana wanaoacha dawa za kulevya zimetumia hatua kama hizo, na wanaosimamia aghalabu ni wale waliokuwa waraibu wao wenyewe. Hakuna kinachomzuia imamu au jumuiya ya akina mama wa hapa Kisiwani kutoa chumba kwa kikao kama hicho, mara moja kwa wiki.

Tena Qur'ani Tukufu yenyewe yatupa funzo. Katika Surat Al-Baqara aya ya 219, kisha An-Nisaa aya ya 43, na mwisho Al-Maida aya ya 90, Waumini walitolewa katika ulevi kwa hatua. Hukumu imekamilika, na pombe ni haramu kwa kichache chake na kingi chake. Lakini hekima ya kumshika mtu mkono hatua kwa hatua ingali yatufaa. Na katika Sahihi ya Bukhari tumepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza aliyemlaani mtu aliyeletwa kwake mara nyingi kwa ulevi, akamshuhudia mtu huyo mapenzi kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Akina mama nao

Mke na mama huugua pamoja na mlevi. Hapunguzi maradhi kwa kulipa madeni ya mangweni wala kwa kumsingizia homa. Humpa tu nafasi ya kuendelea. Wala yeye siye aliyeyaleta, hata wakwe waseme nini. Mwaka 1951 wake na jamaa za walevi waliunda ushirika wao, Al-Anon, ili wasaidiane wao kwa wao, hata pale mlevi mwenyewe anapokataa tiba. Asiyeweza kutoka nyumbani huweza kuhudhuria vikao vya simu na vya mtandaoni, ambavyo viliongezeka sana tangu mwaka 2020.

Na tukiri lililo zito: wako dada zetu wanaokunywa. Hao hufichwa zaidi, hutukanwa zaidi, na hufika hospitali wakiwa wamechelewa zaidi. Dada msomaji, ikiwa ni wewe, uliza kliniki kama wanaye daktari au mshauri wa kike na kama ipo siku ya wanawake. Ni haki yako kuuliza.

Pa kuanzia

Piga 1192. Ni simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Eleza kwamba uko Mombasa na wahitaji tiba ya mgonjwa wa nje au kikao cha karibu. Si lazima anayepiga awe ndiye mgonjwa.

Katika hospitali za serikali, Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji wangali wanaiita Makadara, ni safari fupi ya tuktuk kutoka Ganjoni. Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili. Katika mashirika, MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya elimu na maslahi, na Reachout Centre Trust yana uzoefu wa miaka mingi na waraibu wa mji huu. Ingawa wengi huyajua kwa kazi ya heroini, yaulizwe pia kuhusu pombe.

Kabla ya kumkabidhi mtu wenu kituo chochote, ulizeni mambo manne. Kimesajiliwa na NACADA? Ni daktari gani atakayemwangalia siku za kwanza za kuacha? Gharama yote ni kiasi gani? Na akimaliza, atafuatiliwa na nani? Kituo kinachopiga watu au kuwafunga minyororo, ondokeni.

Kijana wa Ganjoni aliteleza mara moja, mwezi wa tatu. Mama atuambia kwamba safari hiyo hakulia mbele ya watu wala hakumfungia mlango. Alimpigia simu mwenziwe wa kikaoni, akaja usiku ule ule, wakakaa barazani hadi adhana ya Alfajiri. Asubuhi kijana akarudi kliniki. Leo ana miezi mitano. Watu wanaoijua siri yake ni wanane, na wote wanamsaidia. Hiyo nayo, kwa maoni yetu, ni stara.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azipe nguvu nyoyo za mama zao, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.