Hewa ya kompresa nayo inagusa kahawa yetu

Koperative ikipata mashine ya kuchagua kahawa kwa rangi, siku ya kuiwasha watu wote wanasimama mbele ya kamera zake. Na kweli inashangaza: punje zinaanguka mbiombio, kamera inaona ile nyeusi ao ile iliyotobolewa na mdudu, na hewa inaipiga inaruka pembeni. Kompresa yenyewe iko kule nyuma ya nyumba, karibu na grupu, na filtri zake hakuna mtu anaziulizia. Lakini ile hewa njo mkono wa mashine. Mkono ukiwa mchafu, unachafua kahawa, na kidogo kidogo unaua mashine.

Wapenzi wanakoperative, tuanze na kile kinachoingia ndani ya hewa hiyo. Kwanza ni maji. Hewa tunayopumua iko na maji ambayo hatuyaoni, na kompresa ikiibana, maji yanatoka. Kwa kompresa inayovuta lita 1,000 za hewa kwa dakika, siku ya joto la digri 25 na unyevu wa asilimia 70, ukibana hewa mpaka bari 7 na ikipoa tena, maji yanakaribia lita 6 kwa kazi ya masaa 8. Ni zaidi ya kidumu cha lita 5 kila siku. Kama hayatoki chini ya tanki, ujue yameenda mbele, kwenye mashine.

Pili ni mafuta. Kompresa nyingi zinapakwa mafuta ndani, na sehemu kidogo inatoka na hewa, nyingine kama matone, nyingine kama mvuke ambao jicho haliwezi kuona. Tatu ni vumbi: vumbi la kukoboa parshi, kutu ya tanki, uchafu wa mabomba ya zamani. Mafuta na vumbi vikikutana na maji, vinakuwa kama ulimbo.

Sasa fikiria vali ndogo za mashine, zile zinazopuliza. Zinafunguka na kufunga kwa muda mfupi sana, kasi kuliko kupepesa jicho. Ulimbo ukiingia, vali moja inachelewa. Punje mbaya imeshapita, hewa inapiga jirani yake ambayo ni nzuri. Vali nyingine inakwama kabisa, na punje mbaya zote za upande ule zinaenda kwenye gunia la kahawa nzuri. Hasara hii haipigi kelele. Grupu inanguruma sawa vile jana, magunia yanajaa, jeran anafurahi, na mama wachaguaji ambao wangeona ile kasoro kwa macho wamekwisha kurudishwa nyumbani. Itaonekana siku sampuli inahesabiwa kasoro zake, na hapo bei inashuka kwa kontena nzima.

Tena kuna ladha. Sisi wa Kivu tunajua taabu ya ladha ya kiazi, namna kikombe kimoja kinaweza kuharibu jina la koperative. Kahawa iliyokobolewa inakamata harufu ya kitu kilicho karibu nayo. Njo maana hatuiweki pamoja na mazuti. Hewa yenye mvuke wa mafuta, ikipuliza juu ya kahawa siku nzima, ni sawa na kuiweka karibu na mazuti kidogo kidogo. Wenye mashine ya mchele ya namna hii nao wasome vizuri, juu mchele unaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Filtri ya kuchagua ni ipi? Hapa njo watu wanadanganyika sana, kwa sababu kwenye duka filtri zote zinafanana: kichwa cha chuma, kikombe chini, kartushi ndani. Filtri moja haiwezi kufanya kazi yote. Zinapangwa kwa mfuatano. Baada ya tanki inakuja ya kutenga maji, halafu filtri ya kwanza, ya mikroni 5 ao 1, ya kukamata vumbi na matone makubwa. Kisha mashine ya kukausha hewa, kama koperative iko nayo. Kisha filtri nyembamba ya mafuta, ya mikroni 0.01. Mwisho ni ya makaa maalumu, inayokamata mvuke na harufu. (Mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara 1,000; unywele wa mtu uko karibu na mikroni 70.) Ukiruka ile ya kwanza ili upunguze bei, ile nyembamba, ambayo ni ghali, itajaa uchafu mbele ya wakati wake. Na makaa yakipata mafuta ya matone, yamekufa siku hiyohiyo.

Kosa lingine ni kununua kwa kuangalia uzi wa bomba: “Tupe ya nusu inchi.” Filtri inachaguliwa kwa hewa inayopita, lita kwa dakika. Namba iliyoandikwa juu yake mara nyingi ni ya bari 7. Kama mashine yenu inatumia hewa kwa bari 4, na filtri imefungwa kwenye sehemu hiyo ya presha ndogo, uwezo wake unashuka mpaka karibu asilimia 60 ya namba ile. Kwa hiyo mkiomba profoma, mwandikie muuzaji mambo matatu: lita kwa dakika, bari, na joto la nyumba ya kompresa. Mwambie pia muko mita ngapi juu ya bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460. Huko hewa ni nyepesi, na kompresa inatoa hewa pungufu, karibu asilimia 15, kuliko ile ambayo ingetoa pwani. Muuzaji asiyetaka kusikia maswali hayo, mimi singemupa pesa.

Kuna watu wanasema: tununue kompresa isiyotumia mafuta, tumalize. Ni nzuri, lakini ni ghali, na haiondoi maji wala vumbi. Ikivuta moshi wa grupu, mafuta ya moshi yanaingia vilevile. Kabla ya kutoa dola hata moja, sogezeni mdomo wa kompresa mbali na moshi na mbali na mashine ya kukoboa. Hiyo haiombi profoma. Na siku ya vidanje, ulizeni mafuta ya kompresa ya aina ya H1, yale yanayoruhusiwa pale chakula kinaweza kuguswa kwa bahati mbaya. Mafuta ya moteri ya gari yasiingie humo.

Matunzo ni kazi ya dakika chache, lakini ni ya kila siku. Asubuhi, mbele ya kuwasha, fungua robine chini ya tanki mpaka maji yaishe. Angalia vikombe vya filtri. Kama kimoja kinamwaga maji chenyewe, usikiamini, kibonyeze uone kama kweli kinamwaga. Yale maji yana mafuta: yakusanye ndani ya bidoni, yasiende kwenye mfereji wa steshoni ya kuosha wala kwenye chemchemi. Kikombe cha plastiki kinaoshwa kwa maji na sabuni tu. Esansi inakilainisha na kukipasua, na kikombe kinachopasuka chini ya bari 7 kinaweza kumtoa mtu jicho. Kwa sababu hiyohiyo, usifungue filtri yoyote mbele ya kuzima kompresa, kufunga robine ya hewa na kuacha presha ishuke mpaka sifuri kwenye manometa.

Kartushi haioshwi. Tunajua, mafundi wetu ni hodari wa kuokoa vitu, na filtri ya karatasi ya mdomo wa kompresa unaweza kuipigapiga kidogo ili vumbi litoke. Lakini kartushi ya mafuta imetengenezwa na nyuzi za kioo nyembamba sana. Ukiipuliza kwa pistoleti, nyuzi zinakatika, na kwa macho itaonekana safi kumbe imetoboka. Ukiweka mpya, fuata mshale ulio juu ya kichwa. Kwenye filtri ya mafuta, hewa inatoka ndani ya kartushi ikienda nje. Ikifungwa kinyume, mafuta hayatashuka kwenye kikombe.

Wakati wa kubadilisha unajulikana kwa manometa mbili, moja mbele ya filtri na moja nyuma. Ikiwa mpya, tofauti inakuwa bari 0.1 ao 0.2. Ikifika karibu 0.4, badilisha, na hata isipofika, usipitishe mwaka mmoja. Filtri iliyoziba inakula mazuti pia: kila bari moja zaidi ambayo kompresa inalazimishwa kusukuma inaongeza karibu asilimia 7 ya nguvu inayotumia. Makaa yako tofauti. Yakishiba hayaonyeshi kitu kwenye manometa, hewa inapita tu na harufu yake. Hayo yanahesabiwa kwa masaa ya kazi. Kitabu cha filtri kitawaambia, mara nyingi ni masaa yanayokaribia 1,000, na joto kubwa linapunguza. Kila wiki, weka kitambaa cheupe kwenye mdomo wa hewa kwa dakika chache, kisha unuse. Kikiwa na alama ao harufu, simamisha kazi.

Inabaki pesa, na mara mingi mambo yanakwama hapo. Mfadhili ananunua mashine, lakini kartushi za mwaka wa pili hazimo kwenye mradi. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme profoma ya kartushi zote za mwaka inafika dola 300, na koperative inatoa kontena 3, kila moja magunia 320 ya kilo 60. Ni magunia 960. Kila gunia linaomba senti 31. Weka namba zenu wenyewe, halafu komite ilete jambo hilo kwenye mkutano mkubwa mbele ya kugawa ristorne, siyo nyuma. Kartushi zinunuliwe mbele ya kampanye, juu zikikosekana Bukavu ao Goma mtangojea wiki nyingi, na kahawa haingoji. Zikae ndani ya karatasi yake, pakavu, mpaka siku ya kuzifunga.

Na mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina, pamoja na kaye ya kuandika: tarehe, masaa ya kompresa, bari mbele na nyuma ya filtri, maji yaliyotoka. Kaye ikae kwa kompresa, siyo kwenye biro ya jeran.