PICHA ISIFIFIE, NUKTA ISIPOTEE



Wapenzi wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu wa Tarime na Serengeti, sisi wa darasa la kompyuta tumeona tuwaelezee jambo dogo lililotutia aibu kubwa.

Mwaka jana tulitengeneza bango la mahafali, urefu wake mita 3. Aya tuliipata kama picha kwa WhatsApp. Tukaiingiza kwenye programu ya kuchora, tukaivuta mpaka ikajaa bango. Kwenye kompyuta ilionekana safi. Bango lilipokuja kutoka kuchapwa, ustadhi alisimama mbele yake, akatazama, kisha akauliza: "Hii ni nun au ta?" Hatukuwa na jibu. Bango likakunjwa, mahafali yakafanyika bila bango.

Je, kosa lilikuwa wapi? Si kwa mchapaji. Lilikuwa kwetu.

Picha ni za aina mbili. Ya kwanza ni picha ya pikseli, kama ile ya simu. Hii imejengwa kwa vipande vidogo vya rangi, mfano wa vigae ukutani. Ukiikuza, vigae haviongezeki, bali kila kigae kinakuwa kikubwa. Picha yetu ilikuwa na pikseli 640 kwa upana. Kwenye mita 3, kila pikseli ikawa na upana wa karibu milimita 5! Nukta mbili za ta zikaungana zikawa doa moja.

Aina ya pili ni mchoro wa vekta. Huu haukuhifadhi vigae, umehifadhi maelezo ya mstari: uanzie wapi, upinde vipi, uishie wapi. Ukiukuza, kompyuta huuchora upya, nao hubaki mkali. Programu kama Inkscape, ambayo ni ya bure, na CorelDRAW huchora kwa njia hii. Lakini tukumbuke: picha ya pikseli ikiingia humo haigeuki kuwa vekta. Inabaki vilevile ilivyokuja.

Basi tufanye hivi:

1. Tupate picha ya asili. WhatsApp hupunguza picha ili isafiri haraka. Mwambie mwenzako aitume kama faili, au uichukue kwa flashi.

2. Tupige hesabu kabla ya kuvuta. Kwa gazeti tunataka pikseli 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 600 itatosha inchi 2 tu, yaani sentimita 5 hivi. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508. Picha ya nyumbu wakivuka Mto Mara, iliyopigwa kwa simu yenye pikseli 4000 kwa 3000, inatosha ukurasa huo. Bango linalotazamwa kwa mbali huweza kuridhika na 100 kwa inchi.

3. Tuipachike picha. Katika Inkscape bonyeza Ctrl na I, uchague faili. Programu itauliza: picha ipachikwe ndani au iunganishwe tu? Ikiunganishwa, ukihamisha kazi bila ile picha, kwa mchapaji itakuwa haipo.

4. Tusihifadhi JPEG mara kwa mara. Kila ikihifadhiwa upya hupoteza kitu. Kwa nembo na maandishi, PNG ni bora.

5. Tuangalie wakati wa kutoa PDF. Vivuli na ukungu tulivyoongeza hugeuzwa kuwa pikseli hapo. Mahali pa kujaza kiwango tuandike 300, tusiache 96.

Iko pia njia ya kuifanya programu ifuate kingo za picha na kuigeuza vekta. Kwa nembo ya rangi mbili inafaa sana. Kwa aya, tahadhari! Njia hiyo hufuta madoadoa madogo ikidhani ni uchafu, na nukta ya herufi ni doa dogo. Mchoro utatoka mkali na unang'aa, lakini ba imepoteza nukta yake. Hilo ni baya kuliko ukungu, kwa sababu msomaji hatashuku.

Kwa hiyo aya tuiandike kwa fonti ya Kiarabu, kwa mfano Amiri, ambayo nayo ni ya bure. Ikishakamilika tuyageuze maandishi kuwa michoro kwa Shift, Ctrl na C, maana kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti hiyo huenda ikabadilisha maandishi. Kisha, kabla ya kupeleka kuchapwa, tuchape karatasi moja kwa ukubwa halisi, ustadhi aisome herufi kwa herufi.

Ndugu zetu, mashine haijui tofauti ya aya na pambo. Amana hiyo ni yetu. Bango la mwaka huu limeshasomwa na ustadhi mara mbili, na safari hii hakuuliza swali.