Diski mpya haionekani kwenye kompyuta? Usikimbilie kufomati

Dar es Salaam. Kompyuta ya mezani ya nyumbani ikishajaa, kila mtu analalamika. Picha za mtoto tangu siku aliyozaliwa, video za mahafali ya chekechea, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, kazi za shule na hesabu za duka, vyote vimebanana kwenye diski moja iliyokuja na kompyuta.

Familia inajibana, inanunua diski mpya ya terabaiti 1, inafungwa ndani ya kasha na kompyuta inawashwa. Kwenye orodha ya diski, kitu kipya hakipo.

Hapo ndipo ushauri huanza kumiminika. Mmoja atasema umeuziwa feki. Mwingine atasema kompyuta yenyewe imezeeka, tafuteni nyingine. Wa tatu, ambaye ndiye wa kuogopwa, atasema: “Niachieni niifomati yote, itakaa sawa.”

Diski mpya kutoonekana ni dalili tu. Mtoto akipata homa hatumpi dawa ya malaria kabla ya kumpima, na hapa pia tupime kwanza. Mara nyingi diski ni nzima kabisa. Imekosa umeme, waya umelegea, au haijaandaliwa ili Windows iweze kuitumia.

Jambo la kushika ni hili: diski mpya ni tupu, haina cha kupoteza. Yenye picha za watoto ni ile ya zamani. Kosa linaloumiza familia hutokea pale mtu mwenye haraka anapofuta ya zamani akidhani ndiyo mpya.

*Kabla ya kufungua kasha*

Nakili kwanza mafaili yasiyoweza kupatikana tena, yaani picha, video na nyaraka, kwenye flashi, diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Kama nafasi haitoshi kwa vyote, anza na vile ambavyo huwezi kuvipata kwa mtu mwingine. Filamu zitapakuliwa tena, lakini picha ya bibi akiwa amembeba mjukuu haitapakuliwa popote.

Kisha zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa sehemu ya chuma ya kasha, ambalo wengi tunaliita sipiyu, kabla ya kushika kifaa chochote, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuunguza vifaa vya ndani. Lile boksi la chuma linalopokea waya wa ukutani lisifunguliwe kabisa, kwani linaweza kushikilia umeme hata baada ya kuchomolewa.

Watoto wadogo wakae mbali wakati kasha liko wazi. Skrubu ni hatari, lakini hatari kubwa zaidi ni betri bapa yenye umbo la sarafu iliyopo kwenye bodi kuu ya kompyuta. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili tu. Ukishuku kwamba ameimeza, usisubiri dalili na usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja.

*Anza na nyaya*

Diski nyingi zinazofungwa ndani ya kompyuta za mezani hutumia nyaya za aina ya SATA, na zinahitaji nyaya mbili. Mwembamba unabeba data kutoka kwenye bodi kuu. Mpana zaidi unabeba umeme kutoka kwenye lile boksi la umeme. Wengi huchomeka ule wa data wakasahau wa umeme, hasa kwenye kompyuta ndogo za ofisini zilizoletwa zikiwa zimeshatumika, ambazo mara nyingi hazina kichwa cha ziada cha umeme kwa ajili ya diski ya pili. Hapo utahitaji waya wa kugawa umeme, ambao huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta.

Chomoa nyaya zote mbili za diski mpya, kisha uzichomeke tena mpaka zikae sawasawa. Kama bado haionekani, badilisha waya wa data, kisha uuhamishie kwenye tundu lingine la bodi kuu. Fanya badiliko moja kwa wakati, uwashe uone. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na tatizo.

Kama diski ni ile ya kuzunguka, utaisikia ikinguruma taratibu au utahisi mtetemo mdogo ukiweka kidole juu ya kasha. Ikiwa kimya kabisa, huenda umeme haujafika. SSD haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo ukimya wake hauna maana yoyote.

Walionunua SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, iitwayo M.2, wana jambo la ziada la kuangalia. Zipo za aina mbili, SATA na NVMe, na matundu yake hufanana. Bodi nyingine hupokea aina moja tu. Nyingine, ukishachomeka M.2, huzima tundu mojawapo la SATA, na ghafla diski ya zamani ndiyo inayopotea. Usishtuke. Hamishia waya wake kwenye tundu lingine.

*Je, kompyuta yenyewe inaiona?*

Kabla ya kuilaumu Windows, iulize kompyuta yenyewe. Kila kompyuta ina ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaanza, unaoitwa BIOS. Washa kompyuta na ugonge kitufe husika mfululizo. Kwa Dell nyingi ni F2, kwa HP za mezani ni F10, kwa Lenovo nyingi za mezani ni F1, na kwa kompyuta zilizoungwa na mafundi mara nyingi ni Delete.

Tafuta sehemu inayoorodhesha diski na usome tu. Kama jina la diski mpya lipo, nyaya ziko sawa na diski inapumua, hivyo kilichobaki ni kazi ya Windows. Kama halipo, angalia iwapo tundu ulilotumia limezimwa kwenye mipangilio hiyo, kisha urudi kwenye nyaya. Usibadilishe kitu usichokielewa. Toka bila kuhifadhi.

*Ipo, lakini Windows haiionyeshi*

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo diski nyingi nzima zinaporudishwa dukani bila sababu. Diski mpya ya kufungwa ndani mara nyingi huja ikiwa tupu kabisa, kama kiwanja kisichopimwa. Windows haitaiorodhesha pamoja na diski nyingine mpaka uiandae.

Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows iliyo chini ya skrini, kisha uchague “Disk Management”. Diski zote zitajipanga chini, kila moja na namba yake na ukubwa wake.

Sasa tulia na usome. Diski yenye herufi C ndiyo yenye Windows, usiiguse. Diski yenye mistari ya bluu na herufi nyingine ina vitu ndani, nayo iache. Diski mpya itaonyesha mstari mweusi na neno “Unallocated”, na pengine neno “Not Initialized” pembeni. Hakikisha ukubwa wake unalingana na ule uliolipia.

Dirisha likijitokeza kukuomba uianzishe diski, linganisha namba iliyotajwa na namba ya diski mpya. Zikifanana, chagua GPT, ambayo ni ya lazima ukitaka kutumia nafasi yote ya diski inayozidi terabaiti 2. Baada ya hapo bofya kulia kwenye mstari mweusi, chagua “New Simple Volume” na ufuate hatua hadi mwisho. Diski itapewa herufi na kutokea kwenye orodha.

Kuna wakati diski inakuwa imeshaandaliwa ila haina herufi. Hiyo haihitaji kufomatiwa. Bofya kulia juu yake, chagua “Change Drive Letter and Paths” na uipe herufi ambayo haijatumika.

*Kama diski si mpya kwelikweli*

Maelezo hayo ni ya diski tupu iliyotoka dukani. Kama umehamisha diski kutoka kompyuta iliyokufa, au umepewa na ndugu ikiwa na picha za familia, kanuni inageuka. Windows ikikuambia kwamba ni lazima uifomati kabla ya kuitumia, bonyeza “Cancel”. Ikiandika “Not Initialized” kwenye diski unayojua ina vitu, usiianzishe.

Ujumbe huo hauna maana kwamba vitu vimepotea. Maana yake ni kwamba Windows haiwezi kuisoma kwa sasa. Pengine waya ni mbovu, au diski ilitoka kwenye kompyuta isiyotumia Windows. Jaribu waya mwingine au kompyuta nyingine kwanza. Ikishindikana, mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data, na usiendelee kuiwasha na kuizima.

*Mbona nafasi ni pungufu?*

Diski ya terabaiti 1 ikishaonekana, Windows itaandika takriban gigabaiti 931. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo huzaa pengo. Kwa hesabu hiyohiyo, diski ya gigabaiti 500 huonekana kama 465.

*Wakati wa kurudi dukani*

Diski inayogonga tik-tik-tik mfululizo, au isiyoonekana hata baada ya kubadilishiwa waya, tundu na kompyuta, irudishwe. Ndiyo maana risiti na boksi havitupwi siku ya kwanza. Ukiweza, omba dukani waijaribu mbele yako siku unayonunua.

Ukimwita fundi nyumbani, mweleze mapema, kwa heshima: “Fundi, diski ya zamani ina picha za watoto. Usifomati chochote kabla hujanionyesha ni ipi.” Fundi mzuri hatakasirika. Ataonyesha kwenye skrini namba na ukubwa wa diski, nawe utasema ndiyo au hapana. Asiyetaka kuonyesha, mshukuru na umlipe nauli yake.

*Ikishaonekana*

Mafaili yanakiliwe, yasihamishwe. Ukinakili, ya zamani yanabaki mpaka ujiridhishe. Fungua picha kadhaa za mwaka wa kwanza, za katikati na za karibuni, na uangalie video moja hadi mwisho. Nusu ya video ikikwama, nakala hiyo haijakamilika. Subiri wiki kadhaa ukitumia diski mpya kabla ya kufuta chochote kwenye ya zamani, kwa kuwa kifaa chenye hitilafu ya kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema.

Diski mpya pia isiwe makao pekee ya kumbukumbu za familia. Wanaotunza data wana kanuni rahisi: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya kawaida hiyo inaweza kuwa kompyuta, diski ya nje kabatini, na hifadhi ya mtandaoni au flashi kwa bibi. Diski mbili ndani ya kasha moja zinaibiwa pamoja, na umeme ukirudi kwa kishindo zinaungua pamoja.

Kwa hiyo, diski mpya isipoonekana leo jioni, usiamue kitu ukiwa umechoka. Zima kompyuta, lala. Kesho kagua umeme, waya wa data, BIOS, kisha Windows, kwa mpangilio huo. Na usibofye neno “Format” kabla hujasoma namba ya diski mara mbili, ikiwezekana mwenzako akiwa pembeni anasoma nawe.