Bastola ya Zamani: Soma Namba Kabla ya Hadithi

Julai 10, 1873, mshairi Paul Verlaine alinunua bastola jijini Brussels kwa frangi 23. Ilikuwa Lefaucheux ya risasi sita za milimita 7. Siku hiyohiyo akamfyatulia mwenzake Arthur Rimbaud mara mbili. Risasi moja ikampata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na Verlaine akahukumiwa miaka miwili jela. Novemba 2016 bastola hiyo, namba 14096, iliuzwa na Christie's mjini Paris kwa euro 434,500. Lefaucheux nyingine ya aina hiyohiyo, ambayo haikuwahi kumjeruhi mshairi yeyote, hupatikana kwa mia chache za euro.

Pengo hilo ndilo linalowafanya watu wapekue masanduku ya marehemu babu. Ila anayeijua kazi hii haanzi na babu. Anaanza na chuma.

Tuchukue bastola moja tu, Colt Navy ya 1851, kwa sababu ndiyo inayomchanganya mgeni kuliko zote. Mtutu wake ni wa inchi 7.5, kama sentimita 19, na uzito wake unakaribia kilo 1.2. Haitumii risasi zenye ganda. Kila tundu la silinda hujazwa baruti, kisha kipande cha risasi, na nyuma yake huvishwa fataki. Ndiyo, fataki: kabla neno hili halijahamia kwenye sherehe za mwaka mpya (na kwa wazee wanaowavizia wasichana wa shule), lilikuwa jina la kile kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Ukiona silinda isiyoweza kupokea risasi ya ganda, umeshapunguza nusu ya maswali.

Sasa hesabu. Kiwanda cha Colt cha Hartford, Connecticut, kilitengeneza Navy zipatazo 215,000 kati ya 1850 na 1873. Nyingine kama 42,000 zilitoka katika kiwanda chake cha London, kilichofanya kazi miaka michache tu kuanzia 1853. Jumla ni 257,000 hivi. Linganisha na Colt Walker ya 1847, ambayo zilitengenezwa takriban 1,100: kwa kila Walker moja kuna Navy zaidi ya 230. Mwaka 2018 Walker moja iliyobaki na sanduku lake iliuzwa Marekani kwa dola milioni 1.84. Navy ya kawaida, iliyochakaa lakini nzima, ni suala la dola elfu moja na kitu hadi elfu kadhaa. Tofauti ya umri kati yao ni miaka michache. Umri peke yake hauuzi bastola.

Mwaka unapatikana kwenye namba ya mfululizo. Kwa orodha zinazotumiwa na wakusanyaji, namba za Hartford zilifika kama 10,000 mwanzoni mwa 1852, 98,000 mwanzoni mwa 1861, 132,000 mwanzoni mwa 1863 na 175,000 mwanzoni mwa 1864. Hebu tazama hapo: mwaka 1863 peke yake, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, zilitoka bastola kama 43,000, wastani wa 118 kwa siku bila kupumzika hata Jumapili. Halafu vita vikaisha, risasi za ganda zikashika soko, na miaka miwili ya mwisho ikatoa 1,300 hivi tu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba 150,000 akasema babu wa babu yake aliivaa kiunoni akienda kuchimba dhahabu California mwaka 1849, usibishane naye. Mwonyeshe namba.

Lakini namba nayo ina mtego. London walianza hesabu yao upya kutoka 1, hivyo kuna namba 20,000 mbili. Ya Hartford ni ya 1853. Ya London hutambulika kwa anwani iliyochongwa juu ya mtutu, inayotaja London badala ya New York, na kwa mihuri ya majaribio yenye taji dogo. Umbo nalo linashuhudia. Kizingio kinacholinda kifyatulio kilikuwa na pembe mraba nyuma hadi karibu namba 4,200 ya Hartford. Kisha kikawa cha mviringo mdogo hadi 85,000. Baada ya hapo cha mviringo mkubwa. Kizingio chenye pembe kwenye bastola ya namba 120,000 maana yake kuna fundi aliyepita hapo.

Ndiyo maana namba husomwa kila mahali ilipopigwa: mtutu, fremu, kizingio, mgongo wa kitako, silinda, hata kabari. Kabari ndiyo inayoushika mtutu, na hutolewa kila bastola inapofunguliwa kusafishwa, hivyo hupotea kwa urahisi. Ikiwa ya namba nyingine, mnunuzi hukunja uso tu, anaendelea. Silinda ya namba nyingine haisamehi. Na tafadhali usiisugue kwa msasa ili ing'ae. Kutu ya heshima ina bei, na namba iliyofutika haina.

Halafu kuna nakala. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mafundi wa Gardone Val Trompia, Italia, wamekuwa wakitengeneza Navy mpya zinazofanana sana na za kale. Tafuta herufi PN, muhuri wao wa jaribio la baruti nyeusi, na karibu yake kisanduku kidogo chenye alama ya mwaka. AA ni 1975.

Sheria pia inapenda namba. Marekani huihesabu silaha kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla. Kwa Colt Single Action Army, iliyoanza 1873, mpaka huo unaangukia karibu namba 182,000. Ya 181,000 na ya 183,000 ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini mbele ya sheria hazifanani.

Single Action Army namba 55093 iliuzwa Agosti 2021 kwa dola 6,030,313. Ndiyo ambayo sherifu Pat Garrett aliitumia kumuua jambazi Billy the Kid, Julai 14, 1881, baada ya kuichukua kwa mfuasi mmoja wa Billy aliyekamatwa Desemba 1880. Namba za 1880 zinaanzia kama 53,000 na kuishia kama 62,000. Ingekuwa 95,000, siku ya kukamatwa kwa mfuasi huyo ingekuwa bado haijatengenezwa.